Mwanzi Usio Mwanzi: Habari za Mmea wa Bahati na Jamaa Zake

Wasomaji wetu walio wengi hapana shaka wamekwisha kuuona mmea tukusudiao kuusimulia hapa. Huwekwa juu ya meza za mabenki, katika maduka ya simu, na mapokezi ya mahoteli: vijiti vitatu au vitano vya kijani, vyenye mafundo, vimesimama ndani ya gilasi ya maji na vijiwe, majani machache yakichomoza kileleni. Wauzaji wa Kampala huuita kwa jina la Kiingereza, na anayetaka kulisema kwa Kiswahili husema "mwanzi wa bahati". Nasi tulisema hivyo. Mmea huo ulipoletwa katika ofisi ya walimu shuleni kwetu, tuliupeleka darasani kama kifaa cha kufundishia ngeli, tukaandika ubaoni: mwanzi huu, mianzi hii. Kijiti kimoja kilivunjika mkononi mwa mwanafunzi aliyekipokea vibaya. Yule mwanafunzi, badala ya kuomba radhi, alikitazama pale kilipokatikia, akauliza: "Mwalimu, mbona mwanzi huu hauna tundu?"

Hatukuwa na jibu. Makala haya ni jibu lililochelewa.

Mwanzi wa kweli ni nyasi. Ni ndugu wa mahindi, mpunga na muwa, na kama zilivyo nyasi nyingi una pingili zenye uwazi ndani. Ndiyo sababu lugha yetu ikalitumia neno hilo hilo la mwanzi kwa filimbi na kwa mrija. Sisi wa Uganda hatuna haja ya kwenda mbali kuuona, kwani mianzi imejaa katika miinuko ya Mlima Elgon na Ruwenzori, na jamaa zetu Wagisu huyala machipukizi yake yaliyokaushwa kwa moshi, wakiyaita malewa, chakula ambacho mgeni hakipendi siku ya kwanza na hakiachi siku ya tatu. Lakini kile kijiti cha gilasini kimejaa nyama tupu tokea ganda hadi kiini. Mafundo yake ni makovu ya majani yaliyodondoka. Si nyasi, wala hakina undugu wa karibu na nyasi.

Mmea huo wataalamu huuita Dracaena sanderiana. Asili yake ni chini ya miti mirefu ya misitu ya Afrika ya Magharibi-Kati, tokea Kamerun kuelekea Kongo, penye kivuli na unyevunyevu. Basi huu uitwao kila mahali mmea wa Kichina ni mwenyeji wa bara letu, na hatta leo ukiutafuta porini hutautafuta China.

Lile neno la pili la jina lake latupa tarehe ya safari yake ya kwanza. Frederick Sander alizaliwa Bremen, Ujerumani, mwaka 1847, akahamia Uingereza akiwa kijana, na huko akatajirika kwa maua ya okidi hata akaitwa mfalme wa okidi. Bustani zake zilikuwa St Albans, kaskazini ya London, na baadaye Bruges katika Ubelgiji. Nyumba za vioo zilizopashwa moto, ambamo mimea ya nchi za joto iliishi katikati ya theluji. Yeye mwenyewe hakuzunguka misituni. Aliajiri watu, akawatuma Amerika ya Kusini, Asia na Afrika, nao wakamletea shehena za mimea, ambayo mingi ilioza njiani. Mwaka 1893 mhariri wa gazeti la watunza bustani la Uingereza, Maxwell Masters, aliutangaza mmea huu kwa maandishi na kuupa jina la tajiri aliyeuingiza sokoni.

Tukumbuke hiyo ilikuwa miaka gani. Mkutano wa Berlin ulikuwa umekwisha miaka minane tu iliyopita. Wajerumani walikuwa wameshika Kamerun tangu mwaka 1884, na Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliifanya Kongo kuwa mali yake tangu mwaka 1885. Meli zilizochukua pembe na mpira zilichukua pia mizizi na vijiti. Wa kwanza kuuona mmea huu, kuukata na kuuelekeza kwa mgeni, hapana shaka walikuwa watu wa msitu ule ule, nao walikuwa na majina yao ya kuuita. Jina la Sander ndilo lililoandikwa. Alikufa mwaka 1920.

Kwa miaka mingi mmea huo ulikaa Ulaya kama pambo la kawaida, aghalabu ile aina yenye mistari meupe pembezoni mwa majani, bila ya mtu yeyote kuuhusisha na bahati. Bahati iliupata Asia. Wakulima wa Taiwan, na baadaye wa mkoa wa Guangdong kusini mwa China, waligundua kwamba ukiyaondoa majani ya chini, kijiti kinachobaki chafanana na mwanzi, tena hakifi. Kwa Wachina mwanzi una heshima ya kale. Husimama badala ya mtu mnyofu apindaye mbele ya upepo bila ya kuvunjika. Wakauita mmea huu fuguizhu, yaani mwanzi wa utajiri na heshima. Vijiti vitatu ni heri, cheo na umri mrefu. Vinne havitolewi zawadi, kwa kuwa katika lugha yao nne na kifo hutamkwa karibu sawa. Mwalimu wa lugha hawezi kulicheka jambo hili; watu wangapi kwetu wanaogopa kulitaja jina la nyoka usiku?

Vile vilivyosokotwa kama parafujo, vinavyouzwa ghali kuliko vingine, havikuzaliwa hivyo wala havikukunjwa kwa mkono. Mkulima hukiziba kijiti mwanga pande zote isipokuwa upande mmoja. Nacho hupinda kuufuata. Kisha hukigeuza kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, na kijiti huufuata mwanga kwa kuzunguka. Vilivyopangwa ghorofa kwa ghorofa ni vipande vilivyokatwa vikafungwa pamoja, na juu ya kila kidonda hupakwa nta kisikauke.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mmea huu ulipendwa mno Marekani, na hapa historia yake inaingia jambo ambalo wauzaji hawapendi kulitaja. Awali vijiti vilisafirishwa kwa ndege, vikiwa vikavu. Haja ilipozidi, wafanyabiashara walivipakia katika makontena ya meli, na ili visikauke kwa majuma ya safari vilisimamishwa katika maji. Mwezi wa Juni 2001, shehena ya namna hiyo kutoka China ilipofunguliwa huko Los Angeles, walitoka mbu: Aedes albopictus, mwenye madoa meupe, aumaye mchana na awezaye kueneza homa ya dengi. Walikuwa wamezaliana njiani ndani ya maji yale. Serikali ya Marekani ikakataza kuletwa kwa mimea hiyo ndani ya maji yaliyosimama. Mwaka 2005 mbu hao hao walipatikana katika nyumba za vioo za Uholanzi zilizopokea vijiti kutoka kusini mwa China. Hayo si ya mbali nasi. Yeyote aachaye gilasi ya vijiti mwezi mzima bila ya kubadili maji anafuga viluwiluwi mezani pake, awe Los Angeles au Jinja.

Twaona yafaa tuseme hapa maneno machache juu ya utunzaji, kwa kuwa kijiti cha ofisini kwetu kiliponea chupuchupu kutokana na mapenzi yetu wenyewe. Tulikiweka dirishani, juani, tukidhani kila mmea wa Afrika hupenda jua. Majani yakawa manjano. Tukadhani kina njaa, tukakitia mbolea ya mahindi. Yakazidi kuwa manjano. Kumbe huu ni mmea wa kivuli cha msitu: wataka mwanga mwingi usio wa jua kali, na mbolea kidogo sana, hatta ukikosa kabisa kwa miezi hautadai. Maji yafike vidole viwili au vitatu juu ya mizizi, yabadilishwe kila juma, na vijiwe vioshwe. Maji ya mvua ni bora kuliko ya bomba, maana dawa zitiwazo katika maji ya bomba huunguza ncha za majani zikawa kahawia. Asiye na maji ya mvua ayaache ya bomba katika ndoo usiku kucha, ingawa hilo huondoa klorini tu, si floridi. Mizizi yenye afya ina rangi ya chungwa, wala mtu asidhani imeoza. Kijiti kilichogeuka manjano hakirudi tena; kiondolewe mapema kisiwaharibie wenzake maji. Na anayetaka kuongeza akate tawi chini kidogo ya fundo, alisimamishe majini, asubiri majuma machache. Wenye paka au mbwa wauweke mbali nao, kwa kuwa majani yake huwadhuru wakiyatafuna.

Turudi katika jina. Dracaena ni neno la Kiyunani, maana yake joka jike, na sababu yake ni utomvu mwekundu wa baadhi ya miti ya ukoo huu, ulioitwa damu ya joka. Waarabu waliuita damu ya ndugu wawili. Mti maarufu kuliko yote wa namna hiyo huota kisiwani Sokotra, kwenye mlango wa Ghuba ya Aden, na wanafunzi wa historia ya pwani wamekwisha kupita karibu nao bila ya kuutambua. Kile kitabu cha mwongozo wa mabaharia kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, ambacho kila mwalimu hukitaja afundishapo habari za Azania na soko la Rhapta, kinaeleza pia kuwa katika kisiwa hicho hukusanywa rangi nyekundu idondokayo kutoka mitini. Mabaharia waliokwenda kwa pepo za msimu walizijua pwani zetu na mti ule wa damu katika safari moja.

Kuna jamaa mwingine aliye karibu zaidi na walimu wa Kiswahili. Neno mkonge, kabla ya kuwa jina la zao la Tanga, lilikuwa jina la mmea wa porini wenye majani marefu magumu kama mikuki, ambao wenyeji walitoa nyuzi zake kwa kusokotea kamba na mitego. Wataalamu waliuita Sansevieria, na katika miaka ya 2010, kwa kuchunguza nasaba za mimea, wengi wao wameuingiza ndani ya ukoo wa Dracaena. Mwaka 1893, mwaka ule ule wa Sander, mche mgeni wa Amerika uliletwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf. Aliagiza miche elfu kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62. Wenyeji walipoyaona majani yake na nyuzi zake, waliuita kwa jina la mmea wao: mkonge. Leo ukisema mkonge, kila mtu aufikiria ule mgeni, na mwenye jina amebaki hana jina ila kwa kuongezewa neno "pori".

Twakiri kwamba jambo hili lilitupunguzia hasira. Tulipoanza kuandika tulikusudia kuwasihi walimu wenzetu walipige marufuku jina la mwanzi wa bahati, kwa kuwa ni la uongo mara mbili, kwa mwanzi na kwa bahati. Lakini kama Waswahili wa Tanga waliruhusiwa kumpa mgeni jina la mwenyeji, Wachina nao hawakufanya neno geni. Lugha haingoji kibali cha mtaalamu wa mimea. Tunaloomba ni dogo kuliko marufuku: mwalimu alitumiapo jina hilo awaambie wanafunzi kwamba mmea una ndugu zake hapa hapa, na kwamba ndugu hao wana majina.

Katika mteremko wa Kilimanjaro ndugu huyo ni isale, kwa wingi masale. Mchagga huupanda kuzunguka kihamba chake na mahali walipolazwa wazee wake. Mtu akimkosea mwenzake, akashindwa kuomba radhi kwa kinywa, huleta jani la isale, aghalabu kwa mkono wa mzee, na aliyekosewa akililetewa hana njia ya heshima ya kukataa suluhu. Sababu ya mmea huu kuchaguliwa kuwa mpaka yaonekana mtu akiuangalia. Kijiti kikichomekwa ardhini hushika. Si kuni nzuri, wala ng'ombe hawauhangaikii. Ukikatwa huchipua, na jani lake pana huonekana toka mbali katikati ya migomba na kahawa.

Katika Buganda ndugu huyo ni mulamula. Hapa twaomba walimu wenzetu watulie kidogo, kwani Kiganda chatufundisha Kiswahili chetu. Kulamula ni kuhukumu, ni kupatanisha wagombanao. Omulamuzi ni hakimu. Ziondoe zile l, kama Kiswahili kilivyoziondoa katika maneno mengi, nawe utabaki na amua na mwamuzi. Mulamula basi ni mti uamuao. Baada ya Mapatano ya mwaka 1900, ardhi ya Buganda ilipogawiwa wakubwa kwa maili za mraba, ikaitwa mailo kwa neno hilo hilo la maili, wapimaji walikuja na minyororo yao na mawe yao ya alama. Lakini ndani ya mailo waliishi wakulima wenye vibanja vyao, na mpaka wa kibanja haukuwa na jiwe wala karatasi. Ulikuwa na mulamula, na kumbukumbu ya waliokuwapo ulipopandwa.

Haya yote tuliyajua nusu nusu tulipofanya kosa letu. Mwaka uliopita shule yetu ilitarajia wageni wakubwa, nasi walimu tuliwatoa wanafunzi madarasani kwa siku mbili kusafisha kiwanja. Upande wa chini, kuelekea kwa jirani, palikuwa na msitari wa vijiti virefu vya majani, vimeinama, vimezongwa na magugu, havipendezi. Tuliamuru ving'olewe. Vikang'olewa, vikatupwa katika shimo la taka, na mahali pake pakapakwa chokaa. Wageni walisifu usafi. Ofisi ilikuwa imepambwa tayari kwa ile gilasi mpya.

Juma moja baadaye alikuja jirani yetu, mama mjane mwenye umri mkubwa, ambaye shuleni kote tunamwita Jajja. Hakukaripia. Alipiga magoti kusalimu kama ilivyo desturi, ingawa sisi ndio tuliostahili kumpigia, akakaa kwenye kiti kilichoielekea meza yenye gilasi. Kisha akasema kwa Kiganda, nasi twatafsiri: "Walimu, yule mwamuzi wetu mmemtupa wapi?" Hatukufahamu mara moja. Akaeleza kwamba marehemu mumewe na mwalimu mkuu wa zamani walivipanda vile vijiti pamoja, mbele ya watu ambao sasa wote ni marehemu, na kwamba yeye hana karatasi nyingine. Tukanyamaza. Yeye macho yake yalikuwa juu ya meza. Akainuka, akaligusa jani moja la kile kijiti cha bahati, akalipitisha kati ya vidole viwili kama mtu apimaye kitambaa. "Na huyu je," akauliza, "amefanya kosa gani hata mkamfunga ndani?"

Ndiye aliyetufundisha udugu huo, kabla ya kitabu chochote.

Tulikwenda naye kwenye shimo la taka. Mvua zilikuwa zimeanza, na vijiti vilivyotupwa kichwa chini, vilivyofunikwa na karatasi na maganda ya ndizi, vingine vilikuwa vimekwisha kutoa mizizi. Tulivichukua vyote vilivyokuwa hai. Aliwaita majirani wawili, nasi tukamwita mfanyakazi wa shule aliyekaa muda mrefu kuliko wote, wakatembea pamoja kwenye ile chokaa, wakibishana kwa upole. Pembe tatu waliafikiana, na vijiti vikachomekwa siku hiyo hiyo, vimeshika. Pembe ya nne, ile ya upande wa kisima, haijaafikiwa hadi tunapoandika haya: tofauti ni hatua saba au nane, na kila upande unasema kweli kwa kadiri ya ukumbuko wake. Hapo tumeweka kijiti kimoja ndani ya kopo la udongo, kisichimbiwe bado. Jajja hukimwagilia asubuhi, nasi jioni.